Kabla ya Kutaja Bei, Mwite Fundi: Nilivyonunua Gari Bovu kwa Pesa za Dada Yangu

Mwaka huu nimepewa amana ambayo ilininyima usingizi kwa wiki tatu. Dada yangu mdogo, aliyefanya kazi za nyumbani Saudi Arabia kwa miaka minne, alinitumia shilingi 470,000. Akanipigia simu akasema, "Kaka, nitafutie gari la kubebea masufuria. Nikirudi sitaki kwenda tena. Nataka kupika harusi." Pesa hizo ndizo zilikuwa akiba yake yote. Hakuna nyingine nyuma yake.

Kilichoninyima usingizi ni kwamba mimi mwenyewe nimewahi kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua gari Ijumaa jioni baada ya kulizunguka mara mbili tu. Lilikuwa limeoshwa likang'aa, viti vimetiwa manukato. Nikaomba nipunguziwe elfu ishirini, nikapunguziwa, nikaenda nyumbani nikijiona mjanja. Kabla ya mwezi kwisha nilikuwa nimemlipa fundi karibu nusu ya bei niliyonunulia, na mwishowe nikaliuza kwa bei ya kutupa. Hasara yangu niliimeza kimya. Hasara ya dada ningeimezaje?

Safari hii nilikwenda kwa hesabu. Ninaandika hapa nilivyofanya, kwa sababu najua ndugu na jamaa wengi wa Mombasa, Kilifi, Kwale na Lamu wananunua magari ya namna hii: gari ambalo mwenyewe amelichoka, lina kasoro zake, lakini linaweza kufaa likitengenezwa.

Dalali na cha juu

Gari nililooneshwa lilikuwa stesheni wagoni ya Kijapani, injini ya sisi 1500, limeegeshwa pembeni mwa barabara Kisauni. Dalali akasema bei ni 480,000, "na ukiwa tayari leo, tutaongea."

Kitu cha kwanza nilichomwambia ni kwamba sizungumzi bei mpaka nimwone mwenye gari, na jina lake liwe ndilo lililo kwenye logibuku. Dalali akasita. Akasema mzee hapendi usumbufu, yeye ndiye amepewa mamlaka yote. Nikamjibu kwa upole kwamba pesa ni za mtu mwingine, na mimi siwezi kumlipa mtu nisiyemwona. Ikamchukua siku mbili kunipeleka.

Mwenye gari alikuwa mzee mstaafu, mtu mpole, macho yameanza kumsumbua na haendeshi tena. Tulipokuwa tunakunywa kahawa barazani kwake nikamuuliza, "Mzee wangu, wewe mwenyewe unataka ngapi?" Akajibu bila kufikiri: "Mimi nilimwambia huyu kijana laki nne na thelathini."

Elfu hamsini zilishuka pale pale na sijaanza hata kupatana. Hiyo ndiyo cha juu tunayoisikia kila siku. Simlaumu dalali kwa kutafuta riziki. Kazi ya kukutanisha watu ni kazi, na ujira wake ni haki yake. Lakini ujira ni kitu kinachojulikana na pande zote mbili. Ukijificha ndani ya bei, mnunuzi anapatana na kivuli.

Fundi kabla ya bei

Kosa la watu wengi, na lilikuwa kosa langu la kwanza, ni kupatana bei kisha kumwita fundi. Ukishasema "sawa, nitachukua kwa laki nne", kila kasoro utakayoitaja baadaye itaonekana ni ukigeugeu. Sema hivi badala yake: "Gari nimelipenda. Niruhusu nilete fundi wangu, kisha tukae tuzungumze." Muuzaji mkweli hakatai. Akikataa, amekwisha kukujibu.

Fundi awe wako, si wa dalali, wala si yule ambaye amekuwa akilitengeneza gari hilo. Mlipe pesa yake ya siku hata kama hutanunua, ili asiwe na haja ya kukutaka ununue. Wangu nilimlipa 2,500 kutoka mfukoni mwangu, na tukafika asubuhi, saa moja, bila ya kutangaza saa. Sababu ni kwamba injini iliyolala baridi haisemi uongo. Ukikuta boneti ina moto, jua kwamba gari limewashwa mapema ili kuficha mlio au moshi wa kuamka.

Aliyoyatazama ni haya, na mengi unaweza kuyatazama wewe mwenyewe.

Moshi. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe mzito usiokatika hata injini ikishapata moto ni maji yanayoingia ndani. Mweusi ni petroli inayochomwa kupita kiasi. Kifuniko cha oili kikifunguliwa kikawa na ute kama maziwa, maji na oili vimekutana, na hapo afadhali kurudi nyumbani.

Gia. Kwa gari la otomatiki, mafuta ya gia yakiwa meusi na yananuka kuungua, gia ziko njiani kufa. Kasoro hiyo haina punguzo linalotosha.

Bodi. Fundi wangu alikuwa na sumaku ndogo ameifunga kitambaa. Akaipitisha milangoni na ubavuni. Mahali ilipokataa kushika palikuwa na puti, maana yake gari liligongwa au liliozeana na likafichwa. Kisha akalala chini. Sisi wa Pwani tunaishi na hewa ya chumvi, na gari linalolala karibu na bahari huliwa kuanzia chini, mahali ambapo macho hayafiki. Gonga kwa bisibisi chini ya milango na kwenye sakafu. Ukisikia sauti ya bati jembamba, au bisibisi ikizama, hiyo ni kutu.

Maji. Tangu mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023, fundi huyu hafungi kazi bila kuinua kapeti. Anatafuta tope lililokauka, harufu ya uvundo na kutu kwenye boliti za viti. Gari lililozama hutengenezwa likawaka, lakini nyaya zake huoza polepole na taa za dashibodi zitakuwa zinakutania kila wiki.

Mlima. Hapa kisiwani ni tambarare, na gari bovu linaweza kukupeleka Posta na kukurudisha bila kulalamika. Tulilipandisha mpaka Mazeras, watu wanne ndani, na eyasii imewashwa. Sindano ya moto ilianza kupanda tulipoukaribia mlima. Tuliposimama, rejeta ilikuwa inatokwa na jasho.

Karatasi iliyonipa nguvu

Fundi hakuniambia tu kwamba "gari lina kazi kidogo". Neno hilo halifai kitu mezani. Nilimwomba aandike kila kasoro na bei yake, nami nikapiga simu katika maduka mawili ya spea kuhakikisha. Orodha ilikuwa hivi:

- Kompresa ya eyasii na gesi: 20,000
- Shokomzoba mbili za mbele: 9,000
- Bushi na boljointi: 6,000
- Rejeta na mipira yake: 11,000
- Pedi za breki: 5,000
- Tairi mbili: 13,000
- Kukata kutu, kuchomelea na rangi: 14,000
- Ufundi: 10,000

Jumla: 88,000. Hizi ni bei nilizoambiwa mimi, kwa gari hilo, wiki hiyo. Zako zitakuwa tofauti. La muhimu ni namna ya kuziandika.

Kisha nikafanya jambo ambalo naona wapatanaji wengi hawalifanyi. Nikaigawa orodha mafungu mawili. Tairi na pedi za breki, jumla 18,000, ni vitu vinavyokwisha kwa kawaida. Kila gari lililotumika lina tairi zilizotumika, na bei ya soko tayari inajua hilo. Ukimdai muuzaji pesa ya tairi, unamdai kitu ambacho hukuahidiwa. Zilizobaki, 70,000, ni kasoro za kweli: gari la namna hiyo lililo zima lisingekuwa nazo.

Kuna fungu la tatu ambalo halikuwamo kwenye orodha yangu, na alhamdulillahi halikuwamo: kasoro zisizopatanwa. Maji ndani ya injini, gia zinazoteleza, chesisi iliyopinda, namba ya chesisi iliyokwaruzwa, logibuku isiyoeleweka. Kwa hizo usiombe punguzo. Aga, uondoke.

Dari yangu

Kabla ya kurudi barazani kwa mzee nilitaka kujua gari kama hilo, zima, linauzwa ngapi. Matangazo niliyoyaona yalikuwa kati ya 430,000 na 470,000. Lakini hiyo ni bei ya kuombwa, si ya kuuzwa, kwa hiyo nilichukua ya chini.

Tahadhari moja: linganisha kwa mwaka wa kuundwa, si mwaka wa kusajiliwa hapa. Magari yetu mengi yalikwisha kutembea Japan kabla ya kuteremshwa Kilindini. Sheria inaruhusu kuingiza gari lisilozidi miaka 8, kwa hiyo gari lenye namba ya juzi laweza kuwa na umri wa miaka 7 siku lilipopewa namba hiyo. Logibuku inaonesha mwaka wa kuundwa. Usome.

Hesabu yangu ikawa: 430,000 toa 70,000 za kasoro, toa 10,000 za yale ambayo fundi hakuyaona. Zinabaki 350,000. Nikaiandika nyuma ya karatasi. Hiyo ndiyo dari.

Nikaigeuza hesabu upande wa dada pia. Kununua 350,000, kutengeneza vyote 88,000, akiba 10,000: jumla 448,000. Katika 470,000 zinabaki 22,000 za kuhamisha jina na bima. Ningepanda zaidi ya hapo kwa elfu kumi au ishirini kwa sababu ya haya au uchovu, gari lingekuwa limesimama nje ya nyumba bila ya bima, na masufuria yangebaki jikoni.

Barazani

Nilianza na 330,000. Mzee alinyamaza. Kisha akasema, "Mwalimu, umekuja kunivunjia heshima?" Na hapo ndipo karatasi iliponisaidia. Sikusema gari lake ni bovu. Kumtukania mtu gari lake ni kumtukania nyumba yake. Alilinunua kwa jasho na liliwapeleka wanawe shule. Nikampa karatasi, nikamwomba aisome mwenyewe, mstari kwa mstari, na aniambie ni upi si wa kweli.

Aliukubali wa shokomzoba. Aliukubali wa rejeta, alijua. Kwenye tairi nikamtangulia: "Hizo sikudai, mzee, ni juu yangu." Nilimwona akilegea. Mtu akiona kwamba hukumbandikia kila kitu, anaanza kuamini yale uliyombandikia.

Kwenye eyasii tukakwama. "Hiyo ni gesi tu," akasema. "Elfu tatu." Maneno hayo utayasikia kwa kila gari la Mombasa ambalo eyasii yake haipoi. Jibu langu lilikuwa moja: "Kama ni gesi tu, tukaijaze leo kwa pesa yangu. Ikipoa, naongeza kumi na saba elfu juu ya bei yangu." Akacheka. Hatukwenda kujaza.

Akashuka mpaka 400,000, kisha 380,000. Mimi nikapanda mpaka 345,000. Akaniletea pendekezo ambalo nalo utaletewa: "Basi mimi nitalitengeneza, wewe unipe laki nne na thelathini zangu." Lina ladha ya haki, lakini likatae. Anayetengeneza gari la kuuza hutafuta spea ya bei ya chini kabisa, na kutu hufunikwa kwa puti badala ya kukatwa. Afadhali upunguziwe, ukatengeneze mwenyewe, ukisimama juu ya kichwa cha fundi.

Mwisho wake ukawa 370,000. Mimi nikasema nimefika mwisho, 350,000, na pesa si zangu. Nikamwachia karatasi ya fundi na namba yangu, nikamshukuru kwa kahawa, nikaondoka. Kuondoka ni kazi ngumu. Nilikwisha kuliona gari lile limejaa masufuria, na dada amekaa mbele. Lakini mtu asiyeweza kuondoka hapatani bei. Anasubiri tu kuambiwa atalipa ngapi.

Siku ya pili akanipigia. Alikuwa amemwonesha karatasi mwanawe. "Nipe laki tatu na sitini." Tukakutana kwenye 355,000. Ndiyo, nilivuka dari kwa elfu tano. Nilivuka nikijua zinatoka fungu gani, la bima na uhamisho, na nilijua bado linatosha.

Nakiri jambo moja. Yule mzee alikuwa na haja ya pesa. Nilijua kwa namna alivyopiga simu mapema. Pengine ningeng'ang'ania 340,000 angelegea. Sikung'ang'ania. Nilikuwa nimeshafika kwenye bei ambayo hesabu yangu iliniambia ni ya haki, na kushuka chini yake kungekuwa kula dhiki ya mtu. Kesho mimi ndiye nitakayeuza.

Karatasi za gari

Tulipatana, lakini sikutoa pesa siku hiyo. Kwanza tulitafuta rekodi za gari kupitia akaunti ya NTSA kwenye eCitizen, kwa ada ndogo, kuona jina la mwenyewe, namba ya injini na ya chesisi kama zinafanana na zilizo kwenye chuma. Kisha tukahakikisha gari halijawekwa rehani. Mikopo ya logibuku imeenea sana mitaani, na tangu Sheria ya mwaka 2017 ya dhamana za mali inayohamishika kuna rejista ya dhamana hizo inayoweza kupekuliwa. Ukiona jina la benki au mkopeshaji pamoja na la mwenyewe, deni lilipwe kwanza.

Tukaandikiana mkataba kwa wakili: majina, vitambulisho, namba za PIN, bei, tarehe na saa ya kukabidhiana, na kwamba faini za kabla ya saa hiyo ni za muuzaji. Pesa zilipita benki. Muuzaji akaanzisha uhamisho mtandaoni, nikampigia dada Riyadh akaukubali kwenye akaunti yake. Usiridhike na logibuku kubaki kwa jina la mwingine "tutabadilisha baadaye". Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inasema gari lililouzwa lisitumike barabarani zaidi ya siku 14 kabla ya mwenye gari mpya kusajiliwa, na aliyeandikwa ndiye anayehesabiwa kuwa mwenyewe mpaka ithibitishwe vingine.

Kuna la sheria jingine la kukumbuka. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, haimlindi sana mtu aliyenunua gari kwa mtu binafsi asiye mfanyabiashara wa magari, hasa kasoro ambazo ukaguzi ungezionesha. Kwa lugha ya barazani: ulichokiona au ulichotakiwa kukiona, umekinunua. Ndiyo maana maneno yote husemwa kabla ya pesa.

Ilivyokuja kuwa

Gereji, kutu ilionekana ni kubwa kuliko tulivyodhani, ikaongeza 9,000. Kompresa tukaipata kwa bei nafuu zaidi kwa 3,000. Matengenezo yote yakawa 94,000. Ile akiba ya 10,000 ambayo mzee aliiona ni ubahili wangu ndiyo iliyotuokoa. Dalali nilimpa 3,000 za viatu, na mzee akampa zake. Alinuna wiki moja, sasa tunasalimiana. Zikabaki 18,000 za uhamisho na bima.

Jumla, gari limemgharimu dada 449,000 likiwa zima. Ningelipa 480,000 za dalali kisha nikapeleka gari gereji, zingekuwa 574,000, pesa ambazo hakuwa nazo.

Dada amerudi mwezi uliopita. Alilizunguka gari, akafungua nyuma, akapima kwa mikono yake miwili upana wa sufuria la kilo ishirini. Akawasha eyasii, akakaa ndani milango imefungwa, kimya, karibu nusu saa. Sikumsemesha. Jumamosi ijayo ana harusi Majengo.